Sahihi ya Wino wa Kijani

Siku Mheshimiwa Bazilio alipokuja kuliazima sanduku la Pasikali, Esteri alimpikia. Jambo hilo lilikuja kumuuma miaka yote iliyofuata. Alimkamatia jogoo, akamsongea ugali wa muhogo, akamwekea maji ya kunawa kwa mikono yake mwenyewe na kupiga magoti kama alivyofundishwa kwao. Bazilio alikula akashiba, akamsifu mpishi, kisha akaondoka na sanduku kwenye gari lake.

Hiyo ilikuwa Februari mwaka 2012, kijijini kwao, upande wa Makere. Bazilio alikuwa diwani wa kata, na Pasikali Nduwayezu, mume wa Esteri, alikuwa mkulima wa kahawa na mihogo mwenye ekari nane kando ya barabara. Lakini watu hawakumjua Pasikali kwa kahawa yake. Walimjua kwa barua.

Tangu ujana wake alikuwa akikusanya barua zilizotiwa sahihi na viongozi. Kila alipoteuliwa mkuu wa wilaya mpya Kasulu, Pasikali aliketi mezani akamwandikia pongezi. Aliwaandikia wakuu wa mikoa, wabunge, hata mawaziri wa Dar es Salaam ambao hakutarajia kuwaona maishani mwake. Wengi hawakujibu. Waliojibu, barua zao alizifunga kwenye karatasi za nailoni moja moja na kuzipanga kwa miaka ndani ya sanduku la bati. Zilifika mia moja na arobaini. Jumapili baada ya misa wageni walipomtembelea, alinawa mikono, akajifuta vizuri, akazitoa. "Hii kalamu ilishikwa na waziri," alisema, akiwaonyesha sahihi bila kuigusa. "Tazama alivyoukata mkia wa herufi. Huyu alikuwa mtu wa haraka."

Esteri alikuwa akimcheka. Hata hivyo alijua kwa nini mumewe anazipenda. Mama yake Pasikali alikuwa ametoka Burundi akiwa msichana, akaolewa na Muha wa hapo hapo. Pasikali alizaliwa Makere, akasoma Makere, lakini kila alipogombana na mtu kilabuni hakukosa wa kumwambia arudi kwao. Zile barua ndizo zilikuwa jibu lake. Ya thamani kuliko zote ilikuwa ya mwaka 1976, ambayo kwayo mkuu wa wilaya wa wakati huo alimgawia baba yake zile ekari nane.

Bazilio alisema anataka kuziweka kwenye maonyesho ya historia ya wilaya. "Wiki mbili tu, mzee wangu. Jina lako litaandikwa juu ya meza kwa herufi kubwa." Pasikali usiku ule hakulala kwa furaha.

Wiki mbili zikawa miezi miwili, miezi ikawa mwaka. Kila Pasikali alipokwenda ofisini kwa diwani aliambiwa sanduku liko Kigoma, au liko kwa mpiga picha, au ufunguo wa kabati anao mtu aliyesafiri. Maonyesho hayakufanyika. Pasikali akaanza kukonda, na Esteri akawa hamtumi tena dukani, kwa sababu akipita mbele ya ofisi ya kata alikuwa akisimama barabarani akiitazama mpaka watu wanamshangaa.

Kisha ukaja mwaka 2013, na msako wa wahamiaji haramu. Siku hiyo Esteri alikuwa anaanika mihogo. Gari lilisimama kando ya shamba, vijana wawili wa mgambo wakashuka na askari mmoja mwenye karatasi. Walimwita Pasikali kwa jina lake kamili. Walimuuliza ana karatasi gani ya kuonyesha kwamba ni Mtanzania.

"Zipo kwa diwani," Pasikali alisema. "Mia moja na arobaini. Twendeni kwa diwani atawaambia."

Yule askari alimtazama kwa namna ambayo Esteri hakuielewa siku ile. Ilikuwa namna ya kumtazama mtu anayeomba ushahidi kwa mshitaki wake. Wakampandisha. Alikuwa na jembe mkononi, akamrushia Esteri lisipotee. Jioni akapiga simu kwa namba ya mtu, akasema kwamba wameshushwa ng'ambo ya mpaka, hana ndugu anayemjua huko, atarudi kwa miguu kupitia milimani. Alikuja hadi karibu kabisa na mpaka. Malaria ilimkamatia hapo, kwenye nyumba ya watu waliomhurumia, na baada ya siku kumi na tisa wakampigia Esteri simu kumwambia wamemzika vizuri, wamemwekea na msalaba.

Haukupita mwezi, Bazilio akaja shambani na watu wa kupima. Alikuwa na barua ya serikali ya kijiji iliyosema kwamba ardhi ile haina mwenyewe. Esteri alisimama mlangoni. Bazilio alivua kofia akampa pole, akamwambia kwamba kwa heshima ya marehemu atamwachia nyumba na migomba iliyo nyuma yake. Alikuwa ameshika kalamu, na aliposaini karatasi ya wapimaji Esteri aliiona ile sahihi kwa mara ya kwanza kwa macho ya chuki. Herufi ya kwanza ilivimba kama matumbo mawili ya mtu aliyelala chali, na mkia wake ulirudi chini ya jina mara tatu. Wino wa kijani, kama wa waziri.

Hakulia. Alimtazama akiweka kalamu mfukoni, akajisemea moyoni: Wewe utakufa kwa hiyo hiyo.

Esteri alikuwa amejifunza kupiga chapa usichanani kwa masista. Aliuza ng'ombe wawili, akamwachia binti yake Rosa nyumba, akahamia Kasulu mjini. Alipanga chumba kimoja cha mbele karibu na ofisi za serikali, akaweka kompyuta, mashine ya fotokopi na benchi la wateja, akaandika juu ya mlango: STESHENARI. Waliomjua walisema mjane amepata ujasiri. Hawakujua kwamba alikuwa amechagua mahali pale kama mwindaji anavyochagua njia ya kwenda mtoni.

Maana kila mwenye barua Kasulu hupitia kwenye fotokopi. Anayeomba kiwanja, anayepeleka mtoto chuo, anayefuatilia mirathi, wote huja na barua za viongozi wao wakitaka nakala mbili. Esteri alizitandaza chini ya kioo, akafunika, akabonyeza. Ikiwa sahihi ilikuwa ya wino wa bluu au mweusi, alitoa mbili. Ikiwa ya kijani, alitoa tatu, na ya tatu ikaangukia kwenye kikapu miguuni pake. Mteja alilipa mbili akaenda zake.

Hivyo ndivyo alivyoanza kuwa mkusanyaji. Alinunua faili gumu akazipanga kwa miaka, kama Pasikali, ila yeye alikuwa na kiongozi mmoja tu. Ilipofika katikati ya mwaka 2014 alikuwa na Bazilio sitini na tatu. Alimjua mtu yule kuliko mke wake alivyomjua. Alijua amewaahidi watu wawili tofauti kazi moja ya ulinzi. Alijua alimwandikia mkuu wa shule kumsifu kijana ambaye wiki hiyo hiyo alimwandikia polisi kumlaani. Lakini hizo zote zilikuwa nakala, na nakala inaweza kukanwa. Alitaka wino wenyewe.

Wa kwanza aliletewa na Mzee Leonidasi. Huyu alikuwa mhudumu wa ofisi ya kata kwa miaka ishirini na miwili, mpaka Bazilio alipomfukuza ili amweke shemeji yake. Alikuja kuchapisha malalamiko yake, akaketi kwenye benchi akimtazama Esteri kwa muda mrefu.

"Mwakeye, mama," alimsalimu mwishowe kwa Kiha. "Wewe si mke wa Pasikali wa barua?"

"Ndiye mimi, mzee."

Leonidasi akatikisa kichwa. "Nina jambo limenikaa kooni. Lile sanduku halikwenda Kigoma. Lilikaa stoo yetu. Siku ya sherehe ya diwani mkaa ulikuwa mbichi, ukagoma kushika. Akanituma nilete karatasi. Nikamwuliza zipi, akasema zile za Mrundi."

Esteri aliacha kuchapa.

"Alizichomea nyama," mzee alisema, akitazama sakafu. "Mbuzi wawili. Mimi ndiye niliyezichana. Moja ilikuwa ya mwaka sabini na sita, nikasema mheshimiwa hii ni ya ardhi, isije ikawa ya maana. Akaichukua yeye mwenyewe akaitia. Ile hakunipa mimi."

Mashine ya fotokopi ilikuwa inaunguruma peke yake. Esteri aliizima. Alimwuliza mzee swali moja tu: kama kwenye masijala ya kata kuna nakala ya barua iliyompeleka mume wake mpakani. Leonidasi alisema ipo, imesainiwa kama ile iliyotumwa, kwa sababu Bazilio hupenda kusaini kila nakala. Na kwa kuwa ufunguo wa zamani wa masijala ulikuwa bado kwenye pete ya funguo za nyumbani kwake, Ijumaa iliyofuata akaingia, akaitoa barua, akamletea Esteri.

Ilikuwa mistari sita. *Mtajwa hapo juu ni mgeni aliyeingia nchini kwa njia za panya. Hana ardhi wala kizazi katika kata yangu.* Tarehe mbili Septemba, 2013. Matumbo mawili, mkia mara tatu, kijani. Esteri aliisoma mara moja akaitia kwenye karatasi ya nailoni. Siku hiyo hakula.

Ya pili aliifuata mwenyewe hadi Muyama, kwenye chama cha wakulima wa kahawa. Alikumbuka kwamba baada ya uchaguzi wa mwaka 2010 Bazilio, aliyepigiwa debe na Pasikali vitongoji vyote, alimwandikia barua ya kumtambulisha ili apokelewe uanachama. Katibu wa chama alipekua rafu nusu siku, akipiga chafya kwa vumbi, akaipata. *Namthibitisha Ndugu Pasikali Nduwayezu kuwa ni raia wa Tanzania kwa kuzaliwa. Baba yake namfahamu na shamba lao nalifahamu.* Kijani ile ile. Katibu alipoona machozi ya Esteri alidhani ni ya kumkumbuka mume, akamwambia achukue tu, marehemu hahitaji tena kutambulishwa.

Yalikuwa machozi ya furaha. Alirudi Kasulu nyuma ya bodaboda amelikumbatia begi kifuani, na kwenye kila mlima alikuwa akijisomea kwa sauti, "Namfahamu na shamba lao nalifahamu," mpaka dereva akauliza kama anasali rozari.

Ya tatu ililetwa na Yasmini.

Yasmini alikuwa mfanyabiashara wa khanga na vitenge kutoka Kibondo, mjane kama yeye, mwenye asili ya Tanga kwa upande wa mama. Kila mwezi alikuja Kasulu kuchukua mzigo kwa mjomba wake, Mzee Nurudini, mwenye duka la jumla. Siku moja aliingia steshenari na barua ya banda lake la sokoni, akitaka nakala. Esteri aliona kijani, akatoa tatu. Baadaye, alipoipanga kwenye faili, akaisoma tarehe mara mbili.

Bazilio kabla ya udiwani alikuwa mtendaji wa kata moja huko Kibondo. Aliacha kazi Juni mwaka 2010, hilo alilitangaza mwenyewe kwenye kila mkutano. Barua ya Yasmini, ya kumgawia banda, ilikuwa na muhuri wa mtendaji wa kata na tarehe kumi na nne Oktoba, mwaka 2011. Mtu huyu alikuwa ameondoka na muhuri wa serikali mfukoni, na aliendelea kuugonga mwaka mzima baada ya kuacha ofisi.

Mwezi uliofuata Esteri alimkaribisha Yasmini chai. Mwezi mwingine Yasmini alimletea halua. Sikukuu ya Idi Esteri alipanda basi kwenda Kibondo, akala pilau kwenye banda lile, katikati ya vitenge, na watoto watatu wa Yasmini wakamwita mama mkubwa. Kama urafiki ule ulianza kwa hila, haukukaa hila kwa muda mrefu. Wote wawili walikuwa wapweke, na wote walipenda kuwacheka wanaume. Ndipo Esteri akamwambia kisa chake chote, kuanzia jogoo hadi msalaba wa ng'ambo.

Yasmini alilia sana. Kisha Esteri akamwonyesha tarehe kwenye barua yake, na kilio kikakatika.

"Yaani banda langu ni la bandia?"

"Banda ni lako. Muhuri ndio wa wizi. Wewe hukujua."

"Mimi nilimwona ni mkubwa. Alikuja siku za soko na begi lake, watu wanapanga foleni." Yasmini aliishika ile karatasi kana kwamba ilikuwa ya moto. "Unaitaka?"

"Naitaka."

Yasmini alifikiri. Nje mteja alikuwa anauliza bei ya khanga na hakuna aliyemjibu. "Chukua ukae nayo, Mama Rosa. Huku kwangu watoto wataichana, na nikiitazama sitalala. Linganisha mwandiko, fanya unalotaka nayo chumbani kwako. Lakini usiitoe mbele za watu. Niapie. Nina watoto watatu, na banda hili ndilo baba yao."

Esteri aliapa. Aliapa kwa jina la Pasikali, na wakati ule alimaanisha.

Mwaka 2015 Bazilio alitangaza kutaka ubunge. Julai wagombea wa kura za maoni za chama walianza kuzunguka pamoja kata kwa kata, wakijieleza mbele ya wanachama na kuulizwa maswali. Asubuhi walipotakiwa kufika kijijini kwao, Esteri alivaa kitenge cheusi, akachukua kadi yake ya chama na begi. Ndani aliweka barua mbili za Pasikali na nakala mia tatu za kila moja. Chini kabisa, ndani ya bahasha, akaweka ya Yasmini. Alijiambia kwamba anaibeba ili isibaki chumbani peke yake.

Uwanja wa shule ulijaa. Walikuwa wagombea wanne kwenye viti vya plastiki. Bazilio alikuwa wa tatu kujieleza, na alijieleza vizuri. Alikuwa na sauti ya mtu anayeongea na kila mmoja kivyake. Mwenyekiti aliporuhusu maswali, Esteri alinyoosha mkono, na kwa kuwa alikuwa mama wa makamo mwenye kitenge cha msiba, akapewa nafasi.

"Naitwa Esteri Niyomwungere, mjane wa Pasikali Nduwayezu. Mheshimiwa, sina swali gumu. Nataka kujua kama sahihi hii ni yako."

Alimpelekea barua ya mwaka 2010. Bazilio aliitazama akacheka. "Mama, sahihi yangu hata ng'ombe wa kata hii wanaijua." Watu wakacheka naye.

"Basi tusomee."

Akasoma. Alisoma kwa madaha, kila neno likisikika hadi nyuma: raia wa Tanzania kwa kuzaliwa, baba yake namfahamu, shamba lao nalifahamu. Alipomaliza akamkunjulia Esteri uso wa huruma. "Marehemu alikuwa rafiki yangu."

"Ahsante. Na hii?"

Akampa ya mwaka 2013. Bazilio alifungua mdomo kuisoma, akaufunga. Mwenyekiti akamwambia aendelee, wajumbe wanasubiri. Hakuendelea. Esteri, aliyekuwa ameijua kwa moyo kama sala, aliisoma yeye, amesimama wima, macho yakiwa kwenye uso wa Bazilio. Mgeni. Njia za panya. Hana ardhi wala kizazi. Kisha akageukia umati. "Shamba hilo leo mnajua analilima nani."

Vichwa vikamgeukia Bazilio. Esteri alilisikia hilo kama mtu anavyosikia maji baridi yakimshuka mgongoni, na akaona ni vizuri, ni vizuri mno. Lakini Bazilio hakuwa mwanasiasa wa bure. Alitoa kitambaa, akajifuta paji la uso taratibu, akauinamisha uso kwa huzuni.

"Ndugu wajumbe," alisema kwa upole. "Mwaka 2010 nilimwamini mtu. Mwaka 2013 nikaletewa taarifa mpya. Mlitaka nifanyeje? Niifiche serikali kwa sababu ya urafiki? Iliniuma, lakini niliweka nchi mbele. Na kama ni kosa kuipenda nchi, basi msinichague."

Mtu mmoja akapiga makofi. Wa pili akamfuata. Esteri aliona vichwa vikitikisika, vya watu waliokula kwake, waliobeba kahawa ya Pasikali mgongoni. Mwanamke mmoja wa kwaya alikuwa anafuta machozi kwa ajili ya Bazilio. Makofi yakaanza kushika kama moto wa nyikani, na Bazilio akainua uso, na kwa nukta moja tu, akimtazama Esteri peke yake, akatabasamu.

Mkono wa Esteri ulikuwa tayari umeshafika chini ya begi.

"Swali la mwisho," alisema kwa sauti ambayo hakujua kuwa anayo. "Uliacha utendaji kule Kibondo lini?"

"Juni 2010. Niliacha kwa heshima ili nije niwatumikie ninyi."

"Hii barua ni ya Oktoba 2011. Ina sahihi yako, ambayo hata ng'ombe wanaijua. Tena ina muhuri wa mtendaji. Huo muhuri uliutoa wapi?"

Bazilio alinyoosha mkono kuichukua barua, haraka mno, na mkono huo ndio uliomponza, maana watu wote waliuona. Mgombea aliyekaa kiti cha pili, ambaye mpaka wakati ule alikuwa anasinzia kwenye jua, aliruka akaidaka yeye. Aliitazama, akamnong'oneza mpambe wake, na mpambe akaitia mfukoni akaondoka nayo kuelekea kwenye gari. Kelele zikalipuka. Esteri alikuwa akigawa nakala zake kulia na kushoto, mikono mia ikizipokonya, na aliposikia mtu akipiga kelele, "Mwizi wa muhuri!" moyo wake uliruka kama wa msichana aliyeposwa.

Bazilio alipata kura kumi na saba kata nzima. Polisi walimwita kuhusu muhuri, na walipopekua nyumba wakaukuta, na mingine miwili. Alipelekwa mahakamani Kibondo akiwa amefunikwa uso na koti la mke wake. Siku Esteri alipoipata habari hiyo alikamata jogoo, akampika kwa nazi kama Yasmini alivyomfundisha, akala peke yake mpaka akachoka. Alimwambia Pasikali kwa sauti, "Nimemla."

Siku ya sita baada ya hapo Yasmini alimpigia simu. Hakusalimia. Alisema watu wa soko wamekuja na barua ile, wamesoma jina lake, wamefunga banda kwa kufuli pamoja na mzigo ndani. Wote waliopewa nafasi kwa muhuri ule wamefungiwa mpaka kesi iishe. Kisha akakata.

Esteri alipanda basi la kwanza. Alimwona ofisa wa soko, akaeleza kwamba mwenye banda hakujua lolote, akatoa maelezo kwa maandishi kurasa mbili na kuweka sahihi yake chini. Ofisa aliyasoma kwa adabu. Alisema atayaweka kwenye faili, ila kesi ni kesi, na yeye mama si kiongozi wa mahali popote, kwa hiyo karatasi yake haiwezi kufungua kufuli.

Alimkuta Yasmini kando ya barabara ya stendi, ameketi juu ya turubai na vitenge vichache alivyokopeshwa na Mzee Nurudini, vumbi la magari likivitulia. Mtoto mdogo alikuwa amelala nyuma yake. Esteri alipiga magoti ukingoni mwa turubai.

"Yasmini, mdogo wangu."

Yasmini hakunyanyua macho. Alikuwa anakung'uta kitenge, akakikunja, akakikung'uta tena. "Nataka kuuliza kitu kimoja. Ulipotia mkono kwenye begi, ulinisahau? Hasira zilikupanda ukanisahau? Niambie ndiyo, nitaelewa."

Esteri angeweza kusema ndiyo. Ilikuwa imelala kwenye ulimi. Lakini alikumbuka jinsi ilivyokuwa pale uwanjani, lile tabasamu la Bazilio, na jinsi jina la Yasmini lilivyompita kichwani wazi kabisa, na watoto watatu, na kiapo, kabla vidole havijaigusa bahasha.

"Hapana," alisema. "Nilikukumbuka."

"Ukaitoa."

"Nikaitoa."

Yasmini alitikisa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa bei aliyokuwa ameshaikisia. Basi la kutoka Kasulu lilikuwa limeingia, abiria wanashuka, na wanawake wawili walikuwa wanakuja wakitazama vitenge.

"Sogea kidogo, Mama Rosa," alisema. "Unawazibia wateja."